C-peptidi, kingamwili au kipimo cha jeni: kipi kitakwambia una kisukari cha aina gani?

Alama ya kuuliza baada ya neno "aina" kwenye kadi ya kliniki ya kisukari si jambo la ajabu. Daktari ameandika "aina ya 1?" kwa sababu mgonjwa ni kijana, ni mwembamba, na aliletwa akitapika huku mkojo umejaa ketoni, yaani mabaki ya mafuta ambayo mwili huyachoma ukikosa insulini. Lakini mama yake ana sukari, bibi yake alikuwa nayo, na miezi michache baadaye dozi ya insulini imeshuka hadi karibu iishe kabisa. Au kinyume chake: mwanamke wa miaka 38 ameandikiwa "aina ya 2", anameza vidonge vya namna mbili, anakula kwa kipimo, anazidi kukonda, na sukari haishuki. Hapo ndipo mtu anapoambiwa, au anaposoma mwenyewe kwenye simu, kwamba kuna kipimo cha kukata mzizi wa fitina. Tatizo ni kwamba vipimo vyenyewe ni vitatu, bei zimepishana sana, na kila kimoja kinajibu swali lake.

Kabla hatujaenda mbali: anayechoma insulini asiiache wala asiipunguze kwa kusubiri majibu ya kipimo chochote kati ya hivi. Kwa mwenye aina ya 1, ambaye kongosho lake limekaribia kuacha kutoa insulini (wa aina ya 2 bado anaitoa, ila mwili hauitikii vizuri), siku chache bila sindano zinatosha kumrudisha wodini, au pabaya zaidi.

Tutavipima kwa vigezo gani

Kila kipimo nitakiuliza maswali yaleyale. Kinapima nini hasa mwilini? Sampuli inachukuliwaje, na inaharibikaje? Kinadanganya lini? Majibu yake yanabadilisha nini kwenye tiba? Na kinamfaa nani? Bei sitazitaja, maana hutofautiana kutoka maabara hadi maabara na mji hadi mji. Mpangilio wake, hata hivyo, kwa kawaida ni huu: C-peptidi ndiyo nafuu, kingamwili, yaani protini za kinga ya mwili, zinafuata (hasa ukipima za namna tatu kwa mpigo), na jeni ndiyo ghali. Ukiwa na bima, uliza kabla ya kutolewa damu, si baada.

Kuna swali jingine ambalo binafsi nalipa uzito kuliko yote: jibu likija hivi tutafanya nini, na likija vile tutafanya nini? Kama daktari atakuandikia dawa ileile kwa vyovyote vile, pesa hiyo ina kazi nyingine.

Insulini inavyotoka kwenye seli

Insulini hutengenezwa na seli beta, zilizomo kwenye vijisiwa vidogo ndani ya kongosho. Glukosi ikiingia kwenye seli hiyo hukutana na kimeng'enya kiitwacho glukokinasi, ambacho ndicho kinachoipa seli habari kwamba sukari imepanda. Glukosi inavunjwa, nishati ya ATP inaongezeka, na ATP hiyo inafunga milango ya potasiamu kwenye utando wa seli. Milango ikifungwa, chaji ya umeme kwenye utando inabadilika, kalsiamu inaingia, na vifuko vilivyobeba insulini vinamwaga mzigo wake kwenye damu. Kila hatua hapa inasimamiwa na jeni, na jeni ikiharibika hatua nayo inakwama. Maelezo haya ya milango yashike, tutayahitaji kwenye kipimo cha tatu.

C-peptidi: kongosho bado linafanya kazi kiasi gani?

*Kinachopimwa.* Seli beta haitengenezi insulini moja kwa moja. Inaanza na mnyororo mrefu zaidi, proinsulini, kisha inaukata. Aliyeligundua hilo ni Donald Steiner wa Chuo Kikuu cha Chicago, mwaka 1967. Kipande cha katikati kinachokatwa, chenye asidi amino 31, ndicho C-peptidi, na hutoka pamoja na insulini kwa idadi sawa. Ni kama stakabadhi: kila insulini iliyotoka kwenye kongosho lako ina stakabadhi yake, ya duka la dawa haina. Kwa hiyo hata mtu anayejichoma insulini mara nne kwa siku anaweza kupimwa ikajulikana kongosho lake linatoa kiasi gani. Kupima insulini yenyewe hakumsaidii, maana ya sindano na ya mwili zimechanganyika, ini limenyakua sehemu kubwa ya ile ya mwili kabla haijafika kwenye mshipa wa mkono, na iliyobaki inaisha ndani ya dakika chache. C-peptidi inakaa zaidi. Huchukua kama nusu saa kupungua kwa nusu.

*Sampuli.* Ni damu ya mkononi, na hakuna haja ya kufunga. Kwa swali letu, damu iliyotolewa saa chache baada ya kula inafaa vizuri, mradi sukari ipimwe wakati huohuo. Sukari ikiwa chini, hata kongosho zima hunyamaza, na C-peptidi itaonekana ndogo bure. Ambacho wengi hawaambiwi ni habari ya tyubu. Damu iliyowekwa kwenye tyubu ya kifuniko cha zambarau, yenye EDTA (dawa ya kuzuia damu isigande), inavumilia hadi saa 24 kwenye joto la kawaida la chumba. Ya tyubu isiyo na dawa hiyo inataka kuzungushwa kwenye mashine na kugandishwa mapema. Kuna pia kipimo cha mkojo, ambapo C-peptidi hulinganishwa na kreatinini, taka ya misuli inayotoka kwenye mkojo. Mkojo uliowekwa kwenye chupa yenye asidi ya boriki unakaa siku tatu bila kuharibika. Kwa anayetoka kijijini, mambo haya madogo ndiyo yanayoamua kama nauli na pesa ya maabara vimekwenda na maji.

Majibu nayo yana mtego wa vipimio. Tuseme karatasi imeandikwa 0.4 ng/mL. Miongozo mingi hutumia pmol/L, kwa hiyo zidisha kwa 331: unapata kama 132. Chini ya 200, seli beta zimekaribia kwisha na insulini ndiyo maisha. Zaidi ya 600, yaani karibu 1.8 ng/mL, kongosho bado lina nguvu, na aina ya 2 au kisukari cha jeni moja ndivyo vya kufikiriwa kwanza. Katikati hapo pana ukungu, na mara nyingi unaambiwa urudie baadaye. Herufi ya "L" au "H" inayochapwa pembeni na maabara isikutishe. Kiwango wanacholinganisha nacho kwa kawaida ni cha watu wasio na kisukari waliofunga.

*Kinapodanganya.* Mwanzoni mwa ugonjwa. Mwenye aina ya 1 huweza kupitia kile kinachoitwa fungate, miezi au hata mwaka na zaidi ambapo seli zilizosalia zinajitutumua na dozi inashuka. C-peptidi yake itaonekana nzuri, kisha itaporomoka. Kwa upande mwingine, sukari iliyokaa juu sana kwa wiki nyingi huzilemaza seli beta kwa muda, kwa hiyo aliyepimwa akiwa bado wodini anaweza kuonekana hana kitu wakati anacho. Subiri angalau wiki mbili tangu dharura ipite. Figo zikiwa zimechoka, C-peptidi hupanda kwa sababu haitolewi nje, na hapo namba hupotosha kuelekea upande wa matumaini.

*Kinachobadilika kwenye tiba.* Kikubwa ni kujua kama kuna nafasi ya kupunguza au kuacha insulini chini ya uangalizi. Wapo watu wazima, na wameelezwa sana miongoni mwa wenye asili ya Afrika, wanaoanza kwa kishindo cha asidi ya ketoni kama aina ya 1 kabisa, kisha baada ya wiki au miezi wanaendelea vizuri kwa vidonge au hata kwa chakula na mazoezi tu. Wengi wao kingamwili hawana. C-peptidi ndiyo inayowatofautisha.

*Kinamfaa nani.* Aliyeishi na kisukari miaka mitatu au zaidi na anatilia shaka aina aliyoandikiwa. Kwa mtu huyo, ni vigumu kupata kipimo kinachosema mengi kwa pesa kidogo kiasi hiki.

Kingamwili: mwili unajishambulia?

*Kinachopimwa.* Katika aina ya 1 ya kawaida, kinga ya mwili huziona seli beta kama adui. Gian Franco Bottazzo na wenzake waliziona kingamwili dhidi ya vijisiwa vya kongosho huko London mwaka 1974, na siku hizi zinapimwa moja moja kwa majina: GAD, IA-2, ZnT8, na kingamwili dhidi ya insulini yenyewe. Hazisemi kongosho limebakiwa na nguvu kiasi gani. Zinasema nani anayelibomoa.

*Sampuli.* Damu mara moja, kula au kutokula hakuna athari, na si dhaifu kama C-peptidi. Angalizo ni moja. Kingamwili ya insulini haina maana kwa aliyekwisha kuchoma insulini kwa zaidi ya wiki mbili hivi, maana mwili huweza kutengeneza kingamwili dhidi ya ile ya sindano. Kama pesa inatosha ya moja tu, omba GAD. Ndiyo inayopatikana zaidi kwa watu wazima, na hudumu miaka mingi kuliko nyingine.

*Kinapodanganya.* Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo vitabu vilivyoandikwa Ulaya vinapotuacha njiani.

Kosa la kwanza ni la upande wa ndiyo. Mpaka wa "chanya" huwekwa kwa namna ambayo mtu mmoja au wawili kati ya 100 wenye afya wataonekana chanya. Ukimpima kila mgonjwa mnene wa miaka 60, sehemu kubwa ya wale chanya itakuwa ya uongo. GAD moja, tena hafifu, kwa mtu ambaye kila kitu chake ni cha aina ya 2, isimpeleke mtu kwenye sindano bila kuangalia C-peptidi.

La pili ni la upande wa hapana. Kwa watu wenye asili ya Ulaya, kijana aliyegunduliwa karibuni akikosa kingamwili zote, madaktari huanza kufikiria jambo jingine, kwa kuwa wengi mno wa aina ya 1 wanakuwa na angalau moja. Mwaka 2025 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa YODA, uliofanyika Kamerun, Uganda na Afrika Kusini kwa vijana na watoto 894 walioambiwa kliniki kwamba wana aina ya 1. Takriban asilimia 65 hawakuwa na kingamwili yoyote ya zile zilizopimwa. Halafu wengi wa hao hawakuwa na mchanganyiko wa jeni unaoandamana na aina ya 1, na wala hawakufanana na wagonjwa wa aina ya 2. Walihitaji insulini, lakini si kwa sababu tuliyofundishwa.

Maana yake kwa mtoto wa Kampala, au wa Mwanza ng'ambo ya ziwa, ni kwamba karatasi inayosema "GAD hasi" haimwondoi kwenye insulini hata kidogo. Nimesikia mara kadhaa mzazi akiambiwa, "Hana kingamwili, basi ni aina ya 2, tumpe vidonge." Huo ni mruko hatari. Wapo wanaouhusisha ugonjwa wa namna hii na utapiamlo wa utotoni. Shirika la Afya Duniani liliwahi kuuweka kisukari cha utapiamlo kwenye orodha yake mwaka 1985, likautoa 1999, na Aprili 2025 Shirikisho la Kimataifa la Kisukari likautambua tena kwa jina la aina ya 5. Kama ndio hao wa YODA au siyo, mjadala bado mbichi.

Kosa la tatu ni la muda. Kingamwili hufifia. Aliyepimwa miaka 15 baada ya kuugua akaonekana hasi, hajathibitisha lolote.

*Kinachobadilika kwenye tiba.* Kingamwili mbili au zaidi zikiwa chanya kwa mwenye sukari iliyopanda, hakuna tena ubishi: ni insulini, na usicheleweshe kwa kuongeza kidonge juu ya kidonge. Dawa za kundi la SGLT2, zile zinazotoa sukari kwenye mkojo, zinakuwa za hatari kwake kwa sababu huweza kuleta asidi ya ketoni hata sukari ikiwa si ya kutisha. Na daktari atakumbuka kuangalia tezi ya shingoni, maana kinga inayokosea mahali pamoja hukosea na pengine. Ndugu wa mgonjwa wanaweza kupimwa pia: Novemba 2022 Marekani iliidhinisha teplizumabu, dawa ya kuchelewesha aina ya 1 kwa wenye kingamwili ambao bado hawajaugua. Kwetu dawa hiyo ni habari ya kusoma tu kwa sasa, nami nisingeshauri mtu amtoe damu mtoto mzima kwa ajili yake.

*Kinamfaa nani.* Mtu mzima aliyeandikiwa aina ya 2 lakini anakonda na vidonge vinashindwa mapema. Mgonjwa mpya ambaye C-peptidi yake bado haiwezi kuaminika.

Kipimo cha jeni: mchoro wenyewe una kosa?

*Kinachopimwa.* Hapa maabara husoma herufi za DNA kwenye jeni moja au kundi la jeni zinazojulikana kuleta kisukari zikiharibika. Tuelewane: si kipimo cha kujua kama una aina ya 1 au ya 2. Hizo mbili zinahusisha jeni nyingi, kila moja ikichangia kidogo. Kinachotafutwa ni kisukari cha jeni moja: kile cha watoto wachanga, na kile kinachoitwa MODY, ambacho Robert Tattersall na Stefan Fajans walikieleza katika miaka ya 1970 kwa kufuatilia koo ambamo vijana waliugua kizazi baada ya kizazi bila kuhitaji insulini. Jeni zenyewe zilikuja kujulikana baadaye: GCK mwaka 1992, HNF4A na HNF1A mwaka 1996.

*Kinachobadilika kwenye tiba.* Naleta kigezo hiki mbele kwa sababu ndicho kinachokitetea kipimo hiki ghali. Rudi kwenye milango ya potasiamu. Mlango huo umejengwa na protini za jeni mbili, KCNJ11 na ABCC8. Kuna watoto wanaozaliwa na kosa kwenye KCNJ11 linalofanya mlango ubaki wazi hata ATP ikiwa imejaa. Seli beta wanazo, insulini imo ndani, ila haitoki. Timu ya Exeter, Uingereza, wakiwemo Anna Gloyn na Andrew Hattersley, ililionyesha hili mwaka 2004. Sasa, vidonge vya salfonilurea hufunga mlango huohuo kwa njia nyingine, bila kutegemea ATP. Mwaka 2006 wakachapisha matokeo: kati ya wagonjwa 49 waliokuwa na kosa hilo, 44 waliacha sindano wakahamia kwenye vidonge, na sukari yao ikawa nzuri kuliko zamani. Dawa iliyotumika ni glibenklamidi, ileile iliyoko kwenye maduka ya dawa ya mitaani kwetu. Dozi ya watoto hao ni kubwa kuliko ya kawaida na huanzishwa hospitali, si nyumbani.

Wenye kosa la HNF1A nao huitikia salfonilurea kwa nguvu, ila wao kwa kinyume: dozi ndogo tu, robo ya ile ya kawaida ya kuanzia, inatosha, na ukiwapa nzima sukari inaweza kuanguka vibaya. Wenye kosa la GCK ndio wenye bahati ya pekee. Glukokinasi yao huhisi sukari kwa kuchelewa kidogo, kwa hiyo sukari ya asubuhi hukaa kati ya 5.5 na 8 mmol/L tangu kuzaliwa hadi uzeeni, haipandi zaidi, na haiwaletei madhara makubwa ya macho na figo. Hawahitaji dawa, ukiacha uangalizi maalumu wa ujauzito. Fikiria mtu aliyemeza metformini miaka 20 kwa ajili ya sukari ambayo isingemdhuru.

*Sampuli.* Damu kwenye tyubu ya kifuniko cha zambarau, au mate. DNA haibadiliki kwa chakula, dawa wala miaka, kwa hiyo kipimo ni cha mara moja maishani. Mara nyingi sampuli husafirishwa nje ya nchi, na majibu ni ya wiki au miezi.

*Kinapodanganya.* Maabara huweza kurudisha neno la kukatisha tamaa: badiliko limeonekana, maana yake haijulikani. Ili kusema badiliko fulani ni baya, inabidi ujue kama lipo kwa watu wenye afya, na hifadhi kubwa za DNA duniani zimejaa Wazungu. Mwafrika, ambaye kwa asili ana utofauti mkubwa zaidi wa DNA, hupata majibu ya ukungu mara nyingi zaidi. Pengo linazibwa polepole. Uganda ina hazina ya jenomu ya maelfu ya watu, iliyochapishwa mwaka 2019, na mwaka huohuo utafiti uliohusisha Nigeria, Ghana na Kenya uliibua jeni ya ZRANB3 kama mojawapo ya zinazochangia aina ya 2 kwa Waafrika. Lakini kikokotoo cha Exeter cha kukadiria uwezekano wa MODY kilijengwa kwa takwimu za Wazungu, kwa hiyo namba kitakayokupa isichukuliwe kuwa msaafu.

Angalia pia orodha ya jeni zilizosomwa. Badiliko la DNA ya mitokondria, linaloleta kisukari pamoja na uziwi na kurithiwa kwa upande wa mama tu, halimo kwenye kila kipimo. Jibu la "hatukuona kitu" linahusu kilichotafutwa.

Kisha kuna la familia, ambalo vipimo vingine havina kwa uzito huu. Ukionekana na MODY, kila mtoto wako ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kuwa nayo, na ndugu zako wa damu vilevile wako kwenye hesabu. Wengine watashukuru kujua. Wengine wana binti anayeposwa na hawataki neno hilo litajwe kwenye kikao. Zungumzeni kabla ya damu kutolewa.

*Kinamfaa nani.* Wachache, lakini kwao ni kikubwa.

Na vile vipimo vya DNA vya kununua mtandaoni?

Hivi vinakadiria uwezekano wako wa kuugua aina ya 2 kwa kujumlisha jeni nyingi ndogondogo. Maarufu kati yake ni TCF7L2, iliyotangazwa na watafiti wa Iceland mwaka 2006. Nakala moja ya badiliko lake huongeza uwezekano kwa takriban mara 1.4. Kwa aliyekwisha kuugua havina kazi. Kwa ambaye hajaugua, umri, kiuno, na sukari ya mzazi tayari vinasema mengi, tena bure.

Ukiwa katika hali hii

Mtoto aliyepata kisukari kabla ya kutimiza miezi 6: jeni kwanza, bila kuzunguka. Aina ya 1 katika umri huo ni nadra mno. Muombe daktari awasiliane na kituo cha Exeter, ambacho kimepima watoto wachanga wa nchi nyingi bila kuwatoza wazazi. Huku mkisubiri, insulini inaendelea.

Mtoto au kijana aliyeletwa na asidi ya ketoni: insulini leo, maswali baadaye. Kingamwili ni nzuri zikipimwa mapema. Zikiwa chanya, suala limekwisha. Zikiwa hasi, msibadilishe dawa. Pangeni C-peptidi, na irudieni miaka mitatu ikitimia.

Una miaka 30 hadi 50, umeandikiwa aina ya 2, unakonda, vidonge vinashindwa: anza na GAD. Ikiwa hasi, C-peptidi ifuate. Kama ketoni zinaonekana kwenye mkojo, usisubiri karatasi yoyote, nenda hospitali.

Ulianza kwa kishindo, sasa dozi imeshuka hadi yuniti chache na sukari iko chini mara kwa mara: C-peptidi, pamoja na sukari ya wakati huohuo, ukiwa umetulia wiki kadhaa. GAD inasaidia kujua kama hilo ni fungate tu.

Sukari imepanda kidogo tu, imekuwa hivyo miaka mingi bila kusogea, nawe si mnene, na mmoja wa wazazi wako yuko vivyo hivyo: hapa GCK inafaa kutafutwa. Kwanza mpime mzazi huyo sukari ya asubuhi kabla ya kula. Ni nafuu, na ikiwa ya kawaida kwa wazazi wote wawili uwezekano unashuka sana.

Ukoo wenu una sukari vizazi vitatu: inategemea. Bibi aliugua akiwa na miaka 60, mama 55, wewe 45 na kitambi kidogo? Hiyo ni aina ya 2 inayotembea kwenye familia kama ilivyo kwa familia nyingi, na kipimo cha jeni kitawapa hasara. Bibi aliugua kijana, mama akiwa na 22, wewe 19, wote wembamba, na hakuna aliyewahi kuingia kwenye ketoni? Pima C-peptidi na kingamwili kwanza. Zikionyesha kongosho lina nguvu na hakuna mashambulizi, hapo jeni inastahili gharama yake, tena kwa mtu mmoja wa ukoo kuanza. Akionekana na kosa, waliobaki watatafutiwa kosa hilohilo tu, kwa bei ndogo zaidi.

Una pesa ya kipimo kimoja: zaidi ya miaka mitatu tangu kuugua, chukua C-peptidi. Chini ya hapo, ukiwa mtu mzima, chukua GAD.

Una miaka 60, una uzito, sukari inadhibitiwa na metformini: hakuna hata kimoja kati ya hivi. Pesa hiyo ipeleke kwenye HbA1c (kipimo cha wastani wa sukari ya miezi kama mitatu), uchunguzi wa macho na kipimo cha protini kwenye mkojo.

Na vyovyote utakavyochagua, andika pembeni mwa fomu ya maabara mambo manne: saa uliyokula mara ya mwisho, sukari ya wakati wa kutolewa damu, mwezi na mwaka uliogunduliwa, na kama unachoma insulini. Bila hayo, daktari atakayeisoma karatasi hiyo miezi sita baadaye atakuwa anabahatisha tu.